Fildi Ujerumani kwa wanafunzi wa uhandisi wa Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mwaka kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi walioko Arusha na Moshi, na kutoka kwa wazazi wao, kuhusu kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo Ujerumani. Viwango vya fedha ni vya mwanzoni mwa mwaka 2026. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, tumeweka namba ya swali.

## Kabla hujaanza kutafuta

1. Fildi ya nje inahesabiwa na chuo kama ya hapa?

Inahesabiwa ikiwa chuo kimeikubali kabla hujaondoka. Ukienda kwanza ukaomba kibali ukiwa huko, unaweza kurudi na uzoefu mzuri na bado ukatakiwa kurudia fildi Njiro au Unga Limited.

Zungumza na mratibu wa fildi wa idara, kisha uombe barua ya Kiingereza yenye mhuri inayotaja mambo manne: kozi yako na mwaka wa masomo, kwamba mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya lazima ya mtaala, idadi ya wiki zinazotakiwa, na tarehe ambazo chuo kinakuruhusu kuwa nje. Usiikubali barua isiyo na neno la kuonyesha kwamba fildi ni ya lazima. Neno hilo ndilo litakaloamua malipo yako na makato yako, kama swali la 8 linavyoeleza.

2. Niko diploma. Naweza kwenda?

Kanuni ya Ujerumani inayotumika zaidi inamlenga mwanafunzi wa taasisi ya elimu ya juu ya nje aliyekwisha kumaliza semesta 4, kwa fildi inayohusiana na anachosoma, isiyozidi miezi 12. Mwanafunzi wa shahada anafikia hapo akimaliza mwaka wa pili. Kwa diploma mlango ni mwembamba, kwa sababu Wajerumani wanaangalia kama chuo na kozi vinahesabiwa kuwa elimu ya juu kwa vipimo vyao. Hifadhidata yao inaitwa anabin. Tafuta jina la chuo chako humo: alama H+ ni nzuri, H+/- inahitaji maelezo ya ziada, H- ni kikwazo. Ikiwa unapanga kuendelea na shahada, mara nyingi ni busara kusubiri.

Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi, wanafunzi wake wana njia ya mkato ya viza. Historia hiyo ni ya heshima, lakini ubalozini haina uzito wowote.

3. Fildi yetu ni kama wiki 8, kampuni zinataka miezi 3 hadi 6. Nifanyeje?

Hapa ndipo mipango mingi inapofia, na ndiyo maana tunasisitiza kuanza miezi 9 kabla. Kampuni haipendi wiki 8 kwa sababu wiki 3 za mwanzo mgeni anajifunza tu. Una njia tatu.

Ya kwanza ni kutafuta maabara za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, ambazo huzoea watu wa miezi 2 au 3. Ya pili ni kuunganisha fildi na likizo ndefu, ukiondoka mara tu mitihani inapoisha na kurudi semesta ikifunguliwa. Ya tatu ni kuahirisha semesta moja. Ukichagua hii, peleka barua ya kuahirisha kwa afisa mikopo wa chuo siku ileile unayoipeleka idarani. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo asiyetoa taarifa huhangaika akirudi, maana mfumo unamwona hayupo darasani na hakuna karatasi inayoeleza kwa nini.

Ukiweza kuchagua msimu, chagua Juni hadi Septemba. Huku ni baridi, kule ni kiangazi.

4. Lazima nijue Kijerumani?

Katika maabara ya utafiti na ofisi za programu za kompyuta, Kiingereza kinatosha. Karakanani hakitoshi. Fundi mwenye miaka 30 kwenye mashine atakuelekeza kwa Kijerumani, na mabango ya hatari yameandikwa kwa Kijerumani. Lenga ngazi ya A2, yaani mazungumzo rahisi ya kila siku, kabla ya kuondoka, na B1, ngazi inayofuata, kama kazi ni ya uzalishaji au ujenzi.

Mitihani inayokubalika hufanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam. Ila mazoezi ya kuzungumza yako mlangoni kwako: Arusha na Moshi zina waongoza watalii wanaozungumza Kijerumani kila wiki na wageni wa mlimani, na msimu wa mvua za masika wengi wana nafasi.

## Kutafuta nafasi

5. Nafasi zinapatikana wapi?

Kuna IAESTE, mpango wa kubadilishana wanafunzi wa sayansi na ufundi ulioanzishwa mwaka 1948. Unaendeshwa kwa kupeana: nchi inayotoa nafasi kwa wageni ndiyo inayopata nafasi kwa watu wake. Kwa hiyo mwanafunzi anayeshawishi kiwanda au karakana ya nyumbani ipokee mgeni anasaidia kuongeza nafasi za wenzake pia.

Njia ya pili ni kurasa za ajira za kampuni zenyewe. Tafuta neno Praktikum, yaani fildi kwa Kijerumani, pamoja na fani yako. Usiishie kwenye majina makubwa ya magari. Kampuni zenye watu 50 hadi 300 zinazotengeneza pampu, vipimo, mitambo ya maji au vifaa vya umeme wa jua hupata barua chache na huzisoma.

Ya tatu ni walimu wako. Mhadhiri aliyesoma Ujerumani ana profesa anayemfahamu kwa jina, na barua moja kutoka kwake inazidi barua 40 unazotuma usiku.

Kuhusu usharika: Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mpaka leo sharika nyingi zina marafiki Ujerumani. Marafiki hao wanaweza kukupa chumba, kukupokea stesheni, hata kukuonyesha kampuni ya kijijini kwao. Barua yao ya mwaliko haiwi mkataba wa fildi. Soma pia swali la 11.

6. Niandikeje GPA yangu?

Usiiache peke yake. Kwetu 5.0 ndiyo juu. Kwa Wajerumani 1.0 ndiyo bora na 4.0 ni kupita kwa shida. Mtu wa rasilimali watu akikuta “GPA 3.8” bila maelezo anaweza kukuhesabu miongoni mwa waliokaribia kufeli, na barua yako ikaishia hapo.

Andika hivi: 3.8 kati ya 5.0, daraja la pili la juu, sawa na takriban 2.2 kwa kipimo cha Ujerumani. Hesabu yake: toa GPA yako kwenye alama ya juu (5.0 − 3.8 = 1.2), gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu (5.0 − 2.0 = 3), zidisha kwa 3, jumlisha 1. Unapata 2.2, ambayo kwao ni “nzuri”.

Wasifu usizidi kurasa 2. Badala ya kuandika kwamba unajituma, andika ulichokifanya kwa vipimo: ulisuka upya mota ya kilowati ngapi, ulichora kwa programu gani, ulipima mtiririko wa maji kwa kifaa gani. Waliopita Kikuletwa, kwenye kituo cha mafunzo ya umeme wa maji, wana jambo la kueleza ambalo wanafunzi wengi wa Ulaya hawana. Lieleze.

7. Kuna mtu ananiahidi nafasi na viza kwa milioni kadhaa. Ni kweli?

Achana naye. Mwajiri halisi wa Ujerumani haombi pesa kwa nafasi ya fildi, na hakuna wakala anayeweza kununua viza. Dalili za kishoka hazibadiliki: mkataba usio na jina la msimamizi, anwani ya barua pepe ya bure badala ya ya kampuni, haraka ya kulipa “kabla ya Ijumaa”, na ombi la kubaki na pasipoti yako. Tafuta namba ya kampuni kwenye tovuti yake mwenyewe, chini ya neno Impressum ambalo sheria yao inalilazimu, kisha upige simu uulize kama wanakutambua. Simu ya dakika 3 inalinda pesa ambayo mzazi ameuza ng’ombe kuipata.

8. Mkataba uwe na nini, na nitalipwa?

Uwe na tarehe za kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, jina la msimamizi, kazi utakazofanya wiki kwa wiki, malipo na siku za likizo. Mpango wa wiki kwa wiki si pambo. Mamlaka ya ajira inausoma kuona kama unajifunza au unatumika kama kibarua wa bei rahisi.

Kuhusu malipo, kuna aina mbili. Fildi ya lazima kwa mtaala haimfungi mwajiri kulipa kima cha chini cha mshahara. Fildi ya hiari inayozidi miezi 3 inamfunga, na kima hicho ni yuro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026, yaani kama yuro 2,400 kwa mwezi wa saa 40 kwa wiki kabla ya makato. Ndiyo sababu kampuni nyingi hujibu tu barua za wenye fildi ya lazima. Fildi ya lazima pia kwa kawaida haikatwi michango mingi ya hifadhi ya jamii, mradi uonyeshe uthibitisho kwamba bado umesajiliwa chuoni. Beba nakala 3 zenye mhuri.

## Makaratasi na viza

9. Kipi kinatangulia kipi?

Mpangilio ukivurugwa unapoteza miezi. Kwanza barua ya chuo. Pili mkataba. Tatu, mwajiri anatuma maombi yako kwa ZAV, kitengo cha Mamlaka ya Ajira ya Ujerumani, akiambatisha fomu mliyosaini wote wawili, uthibitisho wa usajili wa chuo na mpango wa mafunzo. Nne, ZAV inatoa kibali, mwajiri anakutumia. Tano, ndipo unaomba viza ubalozini Dar es Salaam. Sita, tiketi ya ndege.

Kosa la kawaida ni kukata tiketi katika hatua ya tatu kwa kuwa bei imeshuka. La pili ni mwajiri mdogo asiyejua habari za ZAV, anayedhani viza ni shughuli yako peke yako. Mweleze mapema, kwa upole, na umtumie fomu. Hatachukia, maana kwake pia ni mara ya kwanza.

10. Fildi ya miezi 2 siwezi kwenda kwa viza ya utalii?

Huwezi. Fildi ni kazi hata isipolipwa. Kwa siku zisizozidi 90 unaomba viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, yenye ruhusa ya fildi, ada yuro 90. Kwa zaidi ya siku 90 unaomba viza ya taifa, ada yuro 75. Zote mbili zinahitaji bima ya afya. Kwa Schengen, bima iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Anayekutwa akifanya kazi kwa viza ya utalii hurudishwa, na jina lake hubaki kwenye mfumo wa nchi zote za Schengen.

11. Lazima nionyeshe pesa kiasi gani, na familia inaweza kuchanga?

Kipimo kinachotumika kwa wanafunzi ni yuro 992 kwa mwezi. Mshahara wa fildi ukifika hapo, mkataba unatosha. Ukiwa unalipwa yuro 500, lazima uonyeshe pengo linazibwa na nani.

Familia inaweza kuchanga, ila pesa iingie kwenye akaunti maalumu ya Kijerumani inayofungwa na kuachia kiasi kila mwezi. Milioni zilizoingia benki ya hapa wiki moja kabla ya miadi huzua maswali kuliko kuyajibu. Njia ya pili ni mdhamini anayeishi Ujerumani. Anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha kipato chake, analipa yuro 29, anasaini hati iitwayo Verpflichtungserklärung. Hati hiyo inamfunga kisheria kulipa gharama zako. Rafiki wa usharika anayekubali kuisaini amekubali jambo zito, kwa hiyo mzazi asimpigie simu akiiomba kama anayeomba barua ya kawaida.

12. Pasipoti inapatikana Arusha na Moshi?

Ndiyo, ofisi za Uhamiaji za mikoa yote miwili zinapokea maombi. Unajaza fomu mtandaoni, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, unaichapa na kuipeleka pamoja na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na vielelezo vya mzazi.

Kinachochelewesha watu ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Emanuel, NIDA inasema Emmanuel, cha kuzaliwa kina majina mawili tu. Linganisha herufi kwa herufi leo hii. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo, kubwa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kisha mkataba, bima na tiketi vyote vifuate pasipoti.

13. Lazima niende Dar?

Kwa viza, ndiyo, kwa sababu ya alama za vidole. Panda basi siku moja kabla. Anayetegemea basi la usiku kufika asubuhi ya miadi anaicheza bahati nasibu na foleni ya Kibaha. Kwa ndege, hapana. KIA ina Ethiopian, KLM, Qatar na Turkish, na viza ya taifa ya Ujerumani inakuruhusu kupitia Amsterdam.

## Kufika na kuishi

14. Wiki ya kwanza nifanye nini?

Jisajili kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki 2 tangu uingie chumbani. Usajili huo unaitwa Anmeldung, na unahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila Anmeldung hakuna namba ya kodi. Namba ya kodi inakuja kwa posta, kwa hiyo andika jina lako kwenye sanduku la barua. Posta yao haiachi barua penye jina lisilojulikana, na wengi wamekaa bila mshahara mwezi mzima kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Kisha akaunti ya benki, na tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma ya nchi nzima, yuro 63, ambayo haihusishi treni za mwendo kasi. Ikiwa umekodi peke yako itakuja pia barua ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kaya. Ni halali. Ilipwe.

15. Chumba nitakipataje bila kutapeliwa?

Muulize mwajiri kwanza, halafu mabweni ya wanafunzi, halafu vyumba vya kushirikiana. Tofautisha Kaltmiete, kodi tupu, na Warmmiete, kodi pamoja na joto na maji. Amana kisheria haizidi miezi 3 ya kodi tupu. Mwenye nyumba anayesema yuko nje ya nchi na atakutumia funguo kwa posta ukishalipa ni tapeli, hata akikutumia picha ya kitambulisho.

16. Nibebe nini?

Koti zito lipo soko la mitumba la Memorial, Moshi, kwa bei ambayo kule utalia. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara. Chukua adapta mbili. Umeme ni uleule, volti 230 na hezi 50, kwa hiyo huhitaji transfoma. Unga wa ugali upo kwenye maduka ya Kiafrika ya miji mikubwa.

## Karakanani

17. Rangi za nyaya ni zilezile?

Soma jibu hili mara mbili. Kwenye majengo na mitambo mingi ya zamani hapa kwetu, fezi tatu ni nyekundu, njano na buluu, nyutro ni nyeusi, ethi ni kijani. Ujerumani fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro ni buluu, ethi ni kijani yenye mstari wa njano. Maana yake waya mweusi, ambao mkono wako umezoea kuuona kuwa salama, kule una moto. Na buluu iliyokuwa fezi kwenye mtambo wa zamani wa hapa, kule ni nyutro.

Rangi isikuamulie kitu, hapa wala kule. Wajerumani wana kanuni 5 zinazofuatwa kwa mpangilio: zima kabisa, zuia mtu asiwashe tena, kwa kufuli na kibao, pima kuhakikisha hakuna umeme, unganisha na ethi na ushoti nyaya, funika au zungushia uzio sehemu za jirani zenye umeme. Zikariri kwa Kijerumani kabla ya kufika. Mwanafunzi anayezitaja bila kusoma anaaminiwa haraka.

18. Mambo gani ya usalama yanawakamata wageni?

Glovu. Kwenye mashine ya kukereza au ya kutoboa inayozunguka, glovu ni marufuku, kwa sababu ncha ikinaswa inauvuta mkono mzima. Vivyo hivyo pete, saa, mkufu na mikono mirefu iliyolegea. Nywele ndefu na rasta zifungwe ndani ya kofia.

Kabla ya kuanza utapewa maelekezo ya usalama, kisha karatasi ya kusaini. Usisaini usichokielewa. Saini yako ni ushahidi kwamba umeelewa, na siku ya ajali karatasi hiyo ndiyo inayofunguliwa kwanza. Buti za usalama na miwani ni wajibu wa mwajiri. Uliza kabla hujatoa pesa yako.

19. Kwa nini wanafunzi wetu huchanganya saa na vipimo?

Kwa sababu tunatafsiri mara mbili, kutoka saa za Kiswahili hadi za kizungu, kisha hadi Kijerumani. Wakisema “halb acht” wanamaanisha nusu kuelekea nane, yaani 7:30, saa moja na nusu yetu ya asubuhi. Mwenye kusikia “nane na nusu” anachelewa saa nzima. Maeneo ya Saxony, Leipzig ikiwemo, wanasema pia “viertel acht” wakimaanisha 7:15. Rudia saa kwa tarakimu za saa 24 mpaka uzoee.

Namba wanazitamka kinyume: 53 inasemwa “tatu na hamsini”. Ukiandika kipimo unachotamkiwa, subiri namba iishe ndipo uandike, la sivyo 53 inakuwa 35 na kipande kinatupwa. Na mkato wao ni nukta yetu: 1,5 ni moja na nusu, wakati 1.500 ni elfu moja na mia tano. Kagua mpangilio wa lugha wa programu ya hesabu kabla ya kuingiza data.

20. Nisipoelewa maelekezo?

Sema hujaelewa, papo hapo. Sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa “ndiyo” kwa heshima, tukitumaini tutaelewa njiani. Kwao “ndiyo” ni ahadi ya kiufundi. Ukisema ndiyo kisha ukaharibu, tatizo halitakuwa kwamba hukujua, litakuwa kwamba hukusema. Rudia maelekezo kwa maneno yako, au chora.

Jambo la pili linahusu ubunifu. Fundi wa Unga Limited anayetengeneza spea isiyopatikana kwa chuma chakavu ana akili ya uhandisi ya kweli, na ujuzi huo usiuonee haya. Lakini kwenye kiwanda chao usibadilishe hata boliti bila kuandika. Pendekeza, onyesha hesabu, subiri saini. Wazo lililoandikwa huwa linasikilizwa. Lililofanywa kimyakimya linaweza kukutoa kwenye mashine.

21. Wiki ya tatu sasa nafagia na kupanga boksi. Nilalamike?

Kufagia karakana jioni ni kazi ya kila mtu kule, mwenye shahada kwa asiye nayo. Lakini kama siku nzima ni boksi, chukua mpango wa wiki uliosainiwa (swali la 8), omba dakika 15 na msimamizi, uulize lini mtaingia kipengele cha pili. Uliza kwa kuonyesha karatasi. Isiposaidia, mwandikie mratibu wa chuo chako.

22. Naweza kupiga picha kwa ajili ya ripoti?

Omba ruhusa ya maandishi kwa kila eneo. Mkataba wako karibu kila mara una kipengele cha siri, na picha ya mashine kwenye hadhi ya WhatsApp inaweza kuvunja mkataba. Mpe msimamizi rasimu ya ripoti wiki 3 kabla ya kumaliza, aondoe yasiyoruhusiwa. Daftari la fildi lijazwe kila siku kwa Kiingereza na lisainiwe kila Ijumaa. Mhadhiri wako hatakuja kukagua kama anavyofanya hapa, hivyo panga naye mapema kikao cha video.

## Mambo yakiharibika

23. Nikiugua au nikiumia?

Ukiugua, toa taarifa kabla ya muda wa kuanza kazi, siku hiyohiyo. Ugonjwa ukizidi siku 3, cheti cha daktari kinatakiwa, na mwajiri anaweza kukitaka mapema zaidi. Ukiumia kazini au njiani kuelekea kazini, bima ya ajali ya mwajiri ndiyo inayohusika. Hata jeraha dogo liandikwe kwenye kitabu cha huduma ya kwanza. Kidole kikivimba baada ya wiki 2 na hakuna maandishi, huna cha kuonyesha.

24. Kampuni ikikatisha mkataba?

Viza yako imefungwa kwa kampuni ile. Huwezi kuhamia nyingine kimyakimya. Toa taarifa ofisi ya wageni ndani ya wiki 2, na uwaarifu chuo siku hiyohiyo. Kampuni mpya ikipatikana, mchakato wa swali la 9 unaanza upya kuanzia hatua ya pili.

25. Naweza kubaki nikafanye kazi?

Kwa kibali hiki, hapana. Maliza shahada kwanza. Mwajiri aliyekupenda anaweza kukuita ukihitimu, kwa viza nyingine.

## Kurudi

26. Cheti cha fildi kisomwe vipi?

Kiombe wiki 2 kabla ya siku ya mwisho, aina iitwayo qualifiziertes Zeugnis, inayotaja kazi pamoja na tathmini. Lugha yake ina mafumbo. “Stets zu unserer vollsten Zufriedenheit” ni sifa ya juu kabisa. “Zu unserer Zufriedenheit”, inayosikika kama pongezi, ni alama ya chini ya kupita. Ukiikuta, muulize msimamizi ukiwa bado upo. Omba pia nakala ya Kiingereza yenye saini kwa ajili ya chuo.

27. Bodi ya Usajili wa Wahandisi itaihesabu?

Mpango wa SEAP, yaani mafunzo ya kazini ya Bodi kwa wahandisi, ni wa wahitimu. Fildi ya mwanafunzi haichukui nafasi yake, iwe ya Ujerumani au ya Moshi.

28. Michango niliyokatwa narudishiwa?

Kama fildi ilikuwa ya hiari na ulikatwa mchango wa pensheni, raia wa Tanzania anayeishi nje ya Ulaya anaweza kudai sehemu yake baada ya miezi 24 tangu mchango wa mwisho, ikiwa amechangia chini ya miaka 5. Tunza hati za mshahara na namba ya pensheni. Kabla ya kuondoka jifute kwenye usajili wa mji, funga ada ya redio, na uiache akaunti ya benki wazi mpaka mshahara wa mwisho na amana ya chumba viingie.